NANI ALIPIE NJIA YA UMEME?

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa na mwandishi wetu mbele ya walimu na watumishi wa umma wa Kata ya Masakta, wilayani Hanang, Mkoa wa Manyara. Yamefupishwa kidogo ili yapate nafasi katika ukurasa huu.)



Bei ya umeme ni jambo ambalo kila mtu hulisema na wachache hulieleza. Ikipanda hulalamikiwa, ikishuka husahauliwa, na ikibaki pale pale hudhaniwa kuwa imejiweka yenyewe. Lakini hakuna bei inayojiweka yenyewe. Nyuma ya kila uniti inayoingia katika mita ya mwalimu kuna watu waliokaa mezani wakaamua nani alipe kiasi gani, na kwa sababu zipi.

Leo sitazungumzia bei yote. Nimechagua sehemu yake moja, ambayo haiandikwi katika risiti: gharama ya kuusafirisha umeme kutoka unakozalishwa hadi unakotumika. Nitajaribu kujibu maswali matatu. Kwanza, gharama hiyo ni nini? Pili, ni nani anayeamua namna ya kuigawa, na anaamua kwa kanuni gani? Tatu, mgawanyo upi ni wa haki kwa nchi kama yetu na kwa kata kama hii ya Masakta?

RISITI NA YALIYOMO

Chukueni risiti ya LUKU ya Sh. 10,000/- ya mteja wa kundi la matumizi ya kawaida, liitwalo T1, kwa bei zilizoanza tarehe 1 Aprili 2016. Tuiache kando kodi ya majengo, ambayo ilianza kukatwa kwa njia ya LUKU mwezi Agosti 2021. Mteja huyo hupata uniti 28 na ushei. Risiti inamwonyesha waziwazi Kodi ya Ongezeko la Thamani, asilimia 18, yaani Sh. 1,475.41; asilimia 3 ya Wakala wa Nishati Vijijini, yaani Sh. 245.90, na asilimia 1 ya EWURA, yaani Sh. 81.97. Zilizobaki, Sh. 8,196.72, zimewekwa katika fungu moja tu: gharama ya umeme.

Ndani ya fungu hilo kubwa mna kazi tatu zilizo mbalimbali. Ya kwanza ni kuzalisha umeme: bwawa, gesi, mitambo na mafundi wake. Ya pili ni kuusafirisha kwa njia kubwa zenye minara ya chuma. Ya tatu ni kuusambaza kwa nguzo za miti na transfoma hadi mlangoni pa mteja. Mtu anayelipa asilimia 1 ya mdhibiti anaijua hadi senti ya mwisho. Lakini anacholipa kwa njia ya kusafirishia, ambayo hugharimu mabilioni kwa mabilioni, hakijui.

Tazameni mahali tulipo. Umeme mwingi wa nchi yetu huzalishwa kusini na mashariki ya hapa. Kidatu, kilichoanza kazi mwaka 1975, Mtera na Kihansi viko katika bonde la Rufiji na matawi yake. Gesi huchomwa Dar es Salaam na Mtwara. Na Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, liko katika mto Rufiji wenyewe. Mashine yake ya kwanza iliingiza umeme katika Gridi ya Taifa mwezi Februari 2024. Ili umeme huo ufike Manyara, hauna budi kupanda kupitia Iringa, Dodoma na Singida, kwa njia ya msongo wa kilovoti 400 iliyojengwa kwa umbali wa kilometa 670 kutoka Iringa hadi Shinyanga. Kutoka Singida hupita njia nyingine kwenda Babati, Arusha na Namanga, kilometa 414, ambayo iliunganishwa na gridi ya Kenya mwezi Desemba 2024.

Kwa nini msongo uwe mkubwa kiasi hicho? Walimu wa fizikia watanisaidia. Waya una ukinzani, na umeme unapopita ndani yake, sehemu yake hugeuka joto na kupotelea hewani. Nguvu zile zile zikipitishwa katika waya ule ule kwa msongo uliozidishwa mara mbili, mkondo hupungua hadi nusu, na hasara hupungua hadi robo. Kwa hiyo safari ndefu hudai msongo mkubwa, na msongo mkubwa hudai minara mirefu na vituo vya kupoza umeme vyenye mitambo ya bei kali.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali ambalo wananchi wa mikoa hii huuliza mara kwa mara: mbona waya mnene unapita karibu na shamba langu, na nyumba yangu haina taa? Waya ule ni kama mto uliojaa mafuriko; huwezi kuteka maji yake kwa kikombe. Umeme wa kilovoti 400 hauna budi kushushwa kwenye kituo cha kupoza hadi kilovoti 33, kisha ushushwe tena na transfoma hadi volti 400 na 230 zinazoingia nyumbani. Mwananchi anayeona mnara hapaswi kudhani kuwa amebaguliwa na waya. Lakini ana haki kamili ya kuuliza ni kwa utaratibu gani yeye naye analipia mnara huo, na lini utamfaa.

MEZA YA MDHIBITI

Sasa tuingie mezani. Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, EWURA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 2001 na ikaanza kazi mwaka 2006. Mwaka 2008 Bunge lilitunga Sheria ya Umeme, ambayo imeweka kanuni za kupanga bei. Shirika la Umeme, TANESCO, haliwezi kujipandishia bei lenyewe. Huleta maombi, na mdhibiti huyachambua.

Kazi ya mdhibiti kuhusu njia za umeme ina hatua nne, na kila hatua ni uamuzi juu ya mifuko ya watu.

Hatua ya kwanza ni kujaza kapu. Gharama zipi ziingie? Mishahara ya mafundi, matengenezo, uchakavu wa mitambo, faida ya haki juu ya mtaji, na umeme unaopotea njiani, vyote huingia. Hapa sheria imetoa maagizo mawili makubwa. Inasema bei ilingane na gharama za uendeshaji wenye ufanisi, maana yake ni kwamba uzembe si gharama halali. Tena inasema kuwa kile kilichokwisha kulipiwa kwa ruzuku ya Serikali au msaada wa wafadhili kisitozwe tena katika bei. Kanuni hii ni ya thamani kubwa. Bwawa la Julius Nyerere limegharimu kiasi cha Sh. trilioni 6.5 za Serikali, yaani jasho la mkulima, mfugaji na mfanyakazi. Mwananchi aliyelipa kwa kodi asilipishwe mara ya pili kwa LUKU kana kwamba hajatoa kitu. Lakini mkopo si msaada. Njia iliyojengwa kwa mkopo hudai marejesho, na marejesho hayana budi kutoka kwa mtumiaji wa umeme au kwa mlipa kodi. Hakuna mlango wa tatu.

Hatua ya pili ni kugawa wateja katika makundi. Sheria inasema kundi lolote lisitozwe zaidi ya gharama linazosababisha. Katika amri ya bei ya mwaka 2016, mteja wa T1 alipangiwa Sh. 292 kwa uniti, na mteja mkubwa aliyeungwa katika msongo wa juu, T3, Sh. 152. Wengi huona hapo unyonyaji: mgodi ulipe nusu ya bei ya fundi cherehani? Tusikimbilie kulaani. Mteja wa msongo wa juu huuchukua umeme kutoka katika njia kubwa moja kwa moja. Hatumii nguzo za mitaani wala transfoma za vijijini. Ndivyo ilivyo kwa Shirika la Umeme Zanzibar, ZECO, ambalo hununua umeme kwa jumla, likaupitisha chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, kisha likausambaza kwa nguzo zake lenyewe. Yafaa kila mmoja alipie njia anazozitumia.

Hatua ya tatu ni kuchagua kipimo. Je, njia ilipiwe kwa uniti zilizotumika, au kwa ukubwa wa nguvu anazodai mteja kwa wakati mmoja? Jambo hili ni zito kuliko linavyosikika. Njia ya umeme haijengwi kwa kufuata wastani wa siku. Hujengwa ili ihimili saa ile moja ambapo taa, pasi, mashine na viwanda vyote vinafanya kazi pamoja. Anayeongeza kilele cha saa hiyo ndiye anayelazimisha ujenzi wa njia mpya. Kwa sababu hiyo mteja mkubwa hulipa pia kwa kipimo cha kVA. Katika amri ile ya 2016 mteja wa T2 alitozwa Sh. 15,004 kwa kila kVA moja kwa mwezi. Kiwanda kilichofikia kVA 100 kililipa Sh. 1,500,400 kabla ya kuhesabiwa uniti hata moja. Ukiyaongeza malipo hayo, ile bei ndogo ya uniti ya mteja mkubwa haionekani tena kuwa ndogo kama ulivyodhani.

Kwa mteja mdogo mambo ni kinyume. Kumtoza malipo ya kudumu kila mwezi ni kumwonea, kwa kuwa yeye hakuilazimisha njia kupanuliwa. Kabla ya Aprili 2016 mteja wa T1 alikatwa Sh. 5,520 kila mwezi kwa jina la malipo ya huduma. Mwenye duka dogo aliyenunua umeme wa Sh. 6,000 karibu fedha zote ziliishia hapo. Malipo hayo yalifutwa, na ilikuwa sawa yafutwe. Wakati huo huo kundi la D1, la wenye matumizi madogo ya nyumbani, lilibakizwa katika Sh. 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, ambazo pamoja na kodi na tozo zilifika Sh. 9,150. Kila uniti iliyozidi hapo ilipangiwa Sh. 350.

Tuseme ukweli: Sh. 100 haziwezi kubeba uzalishaji, usafirishaji na usambazaji. Ni bei ya msaada, na msaada huo unatoka kwa wateja wengine. Sheria ya kutomtoza mtu zaidi ya gharama zake na nia ya kumsaidia mnyonge huvutana kila siku katika meza ya mdhibiti. Mimi naona yafaa mnyonge asaidiwe. Lakini msaada usiohesabiwa hadharani huishia mikononi mwa mjanja, ndiyo maana orodha ya kundi la D1 haina budi kukaguliwa mara kwa mara.

UMBALI UTOZWE AU USITOZWE?

Hatua ya nne ndiyo inayotuhusu zaidi sisi wa Masakta: je, aliye mbali alipe zaidi?

Ziko njia mbili za kulitazama jambo hili. Ya kwanza ni njia ya nauli ya basi: ukienda mbali, unalipa zaidi. Ya pili ni njia ya stempu ya posta. Anayetuma barua kutoka Katesh kwenda Dodoma hubandika stempu ile ile ambayo angebandika kama angeituma Bukoba. Posta haimwulizi umbali, kwa kuwa imejumlisha gharama za barua zote na kuzigawa sawa.

Uingereza imeshika njia ya nauli kwa sehemu kubwa. Nchi imegawanywa katika kanda, na mwenye mtambo wa kuzalisha umeme kaskazini mwa Scotland, mbali na miji mikubwa, hulipa malipo makubwa ya matumizi ya njia kuliko aliye kusini mwa nchi. Hoja yao inaeleweka: bei imwambie mwekezaji ajenge karibu na watumiaji ili njia ndefu zisijengwe bure. Hata hivyo huko nako mabishano hayajaisha. Waliopendekeza kwamba bei yenyewe ya umeme nayo itofautiane kwa kanda walikataliwa na serikali yao mwezi Julai 2025.

Tanzania imeshika njia ya stempu. Mteja wa T1 wa Masakta na mwenzake wa Kariakoo wanalipa Sh. 292 ile ile. Wateja wa Kigoma walilipa bei hiyo hiyo ya taifa wakati umeme wao ulipokuwa ukizalishwa kwa mitambo ya dizeli yenye gharama kubwa, kabla mkoa huo haujaanza kupata umeme wa gridi mwaka 2022.

Je, tumekosea? Nasema la hasha, na sababu yangu haitokani na huruma peke yake. Umeme wa wakati wa ukoloni ulifuata miji na mashamba ya mkonge. Makampuni mawili ya mwaka 1931, ambayo yaliunganishwa mwaka 1964, yalirithiwa na taifa yakiwa na waya zilizoelekea mahali palipokuwa na fedha tayari. Katika nchi ambayo njia zake zimekwisha kuenea kila mahali, bei ya umbali humshauri mwenye mtaji asimame wapi. Katika nchi ambayo njia zake bado zinajengwa, bei hiyo hiyo humwambia mwanakijiji asithubutu kuomba. Mashine ya kusaga na ya kukamua alizeti haitawekwa pale ambapo uniti ni ghali. Kwa kuwa haikuwekwa, matumizi yatabaki madogo. Na kwa kuwa matumizi ni madogo, gharama ya kila uniti itazidi kupanda. Huo ni mzunguko wa umaskini unaotengenezwa na hesabu zilizo sahihi kabisa katika karatasi.

Ushahidi tunao hapa hapa nchini. Katika visiwa vya Ziwa Victoria, ambako gridi ilikuwa haijafika, wananchi walihudumiwa na mitambo midogo ya watu binafsi iliyopaswa kurudisha gharama zake kwa wateja wa pale pale. Bei ilizidi Sh. 1,000 kwa uniti, zaidi ya mara kumi ya bei ya D1, hadi Serikali ilipoingilia kati mwaka 2020. Sisemi kwamba wenye mitambo wote walikuwa wezi. Nasema kwamba hivyo ndivyo inavyokuwa kila kisiwa kinapoachwa kijilipie. Na kijiji kilicho mbali na mtambo ni kisiwa, hata kama hakijazungukwa na maji.

UMBALI HAUFUTIKI

Lakini, Ndugu Mwenyekiti, tusijidanganye. Stempu moja haifuti umbali, inaugawa tu. Gharama ya njia na umeme unaopotea vingali vipo, na mtu fulani anavilipa. Mwezi Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa mkoani Kilimanjaro, aliwaeleza wananchi mpango wa kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini. Alitaja hasara ya Sh. bilioni 32 kwa mwaka katika kuufikisha umeme huko kutoka mbali. Wengi walishangaa: tumejenga bwawa kubwa, tena tununue kwa jirani? Anayeelewa habari ya njia hawezi kushangaa sana. Umeme si mahindi ghalani. Thamani yake inategemea pia mahali ulipo.

Hapo kuna funzo jingine. Umeme wa kigeni ukivuka ardhi ya jirani, mwenye njia hudai ada ya kupitisha, kama mwenye daraja anavyodai ushuru. Maana yake ni kwamba nje ya mipaka tunapima umbali, na ndani ya mipaka tunagawana. Si kinyume cha mambo. Ndivyo watu wa nyumba moja wanavyofanya. Lakini ada hiyo nayo itaingia kapuni, na mwananchi wa Lindi ataichangia sawa na wa Arusha. Ni haki yake kuelezwa.

Hatuna budi pia kukumbuka yaliyotokea mwishoni mwa mwaka 2016. TANESCO iliomba bei ipandishwe kwa asilimia 18.19. EWURA ikachambua maombi hayo, na tarehe 30 Desemba ikatangaza ongezeko la asilimia 8.53 kuanzia siku ya Mwaka Mpya. Kesho yake Waziri wa Nishati na Madini wa wakati huo, Profesa Sospeter Muhongo, akalisimamisha. Wananchi walifurahi, na furaha yao ilikuwa na sababu: bei ya umeme hupanda pamoja na bei ya unga, ya saruji na ya kunyoa nywele. Serikali inayojali watu wake ina wajibu wa kuona mambo hayo.

Hata hivyo, swali la mdhibiti halikufutika kwa kusimamishwa kwa bei. Ikiwa gharama zilikuwa halali, nani alizibeba? Shirika lisilopata gharama zake huahirisha matengenezo, hulimbikiza madeni, na waya usiotunzwa hupoteza umeme zaidi. Deni hilo hurudi baadaye likiwa limevaa nguo ya mgawo wa umeme, au linalipwa na Hazina kwa fedha ambazo zingejenga madarasa. Na ikiwa gharama hazikuwa halali, basi zilipaswa kukataliwa mezani, kwa hesabu, mbele ya wote, ili uzembe ujulikane kwa jina lake. Serikali ikitaka kuwapunguzia wananchi mzigo, na iseme: ruzuku ni kiasi hiki, inatoka fungu hili, kwa muda huu. Huo ndio ukarimu wenye nidhamu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

TUDAI NINI?

Kutokana na hayo, naona mambo matatu ya kudai, na hakuna hata moja linalopingana na siasa ya nchi yetu.

La kwanza ni uwazi. Uganda ilitenganisha kazi tatu za umeme mwaka 2001, na mdhibiti wake hutangaza bei ambayo kampuni ya usafirishaji huwauzia wasambazaji. Sisi tumelibakiza shirika moja linalozalisha, linalosafirisha na kusambaza. Sioni kwamba tunalazimika kulivunja shirika la umma ili tupate hesabu zake. Ndugu wanaweza kukaa nyumba moja na kila mmoja akawa na daftari lake. TANESCO na EWURA zaweza kutangaza kila mwaka, kwa Kiswahili ambacho mwalimu wa shule ya msingi atakielewa: katika kila Sh. 100 za umeme, kuzalisha kumechukua ngapi, kusafirisha ngapi, kusambaza ngapi, na zilizopotea njiani ni ngapi.

La pili ni kulinda bei moja ya taifa, lakini isiwe blanketi la kufunikia uzembe. Umeme unaopotea kwa sababu ya umbali tutauchangia wote kama ndugu. Umeme unaopotea kwa kuibwa, au kwa transfoma iliyoachwa ivuje mafuta hadi ikaungua, usiingizwe katika bei ya mtu mwaminifu. Mdhibiti aweke kikomo cha hasara kinachoshuka mwaka hadi mwaka, na kinachozidi kikomo kitoke katika mfuko wa shirika.

La tatu ni kwamba fedha za mshikamano zifike zilikokusudiwa. Asilimia 3 ya Nishati Vijijini hukatwa kwa tajiri na maskini. Serikali imekwisha kutangaza kwamba umeme umefika katika vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara. Ni kazi kubwa na tuisifu. Lakini kufika kijijini si kufika kitongojini, na kufika kitongojini si kuingia nyumbani. Tangu Januari 2022 ada ya kuunganishwa mijini ilipangwa kuwa Sh. 320,960 kwa mteja wa karibu, na vijijini ikabaki Sh. 27,000. Tofauti hiyo inafanya ramani ya nani yuko mjini na nani yuko kijijini kuwa jambo la mkate. Watendaji mlioko hapa, ramani hiyo inapopitiwa, someni kila mstari.

Na sasa nije kwenu walimu na watumishi. Sheria inamtaka mdhibiti afanye taftishi kabla ya kupanga bei, yaani aitishe maoni ya wote wanaohusika. Liko Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Nishati na Maji, linalosema kwa niaba ya wateja. Asiyeridhika na uamuzi anaweza kukata rufaa katika Baraza la Ushindani. Milango ipo. Lakini ni nani huingia? Makampuni makubwa huleta wahasibu na mawakili, kwa kuwa asilimia moja ya bei kwao ni mamilioni. Mwenye mashine ya kusaga hana mwakili. Naye mwalimu, ambaye anajua hesabu za asilimia na kusoma sheria, hukaa nyumbani akingoja tangazo la redio. Asiyekuwapo na lake halipo.

Maoni yanaweza kupelekwa kwa maandishi. Kikao kimoja cha walimu na watendaji wa kata kinatosha kuandika ukurasa mmoja wenye maswali matatu: njia zipi mpya zimeingizwa katika bei hii, na zimejengwa kwa mkopo au kwa msaada? Hasara ya njiani mmeikadiria kiasi gani, na mwaka jana ilikuwa kiasi gani? Kundi la wateja wadogo linachangiwa na nani, kwa kiasi gani? Mdhibiti akipata barua moja ya namna hiyo kutoka Masakta ataisoma. Akipata mia moja kutoka kata mia moja za nchi hii, atalazimika kuzijibu. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka njia kuu za uchumi mikononi mwa umma. Njia ya umeme ni njia kuu kwa maana zote mbili za neno hilo. Lakini umma usiosoma hesabu za mali yake ni mwenye mali kwa jina tu. Maombi ya bei yatakapotangazwa tena, na yatatangazwa, nawaomba barua ya Masakta iwe imefika mezani kabla ya uamuzi.